Nanunua mtoto wa German Shepherd: nitamtofautishaje mfugaji wa kweli na dalali?

Baba Tunu, Kimara

Habari zenu wadau. Nahitaji jike wa German Shepherd wa kulinda nyumba na kukaa na watoto. Kuna ukuta, kuna uwanja, na mchana mtu yupo. Nimepata wauzaji wawili.

Wa kwanza yuko Kibaha, anataka laki 8. Watoto wana wiki 6, anasema nikawaone na mama yao lakini hamtoi yeyote kabla ya wiki 8. Wa pili anataka laki 4. Wake wana wiki 8 tayari, anadai "wamemaliza chanjo zote mpaka ya kichaa", na yuko radhi tukutane stendi ya Mbezi nikabidhiwe. Kadi za chanjo kanitumia kwa picha.

Naomba kujua nikague nini hasa kwa mtoto, kwa mama na kwa karatasi, nisije nikauziwa mgonjwa, au chotara kwa bei ya mbegu.

Daktari_Moro (mifugo)

Baba Tunu, anza na maneno ya huyo wa pili, maana yanajikana yenyewe. Hakuna mbwa wa wiki 8 aliyemaliza chanjo. Ile ya mchanganyiko, yaani parvo (kirusi cha kuhara damu), distempa, homa ya ini na leptospira, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Ikiwa bado ina nguvu mwilini huizima chanjo, na kwa mmoja inaisha wiki ya 7, kwa ndugu yake wiki ya 13. Ndiyo maana tunachanja tena na tena, ili tusimkose katika siku ambazo kinga ya mama imeondoka na yake haijaja. Ya kichaa kwa kawaida huchomwa akiwa na miezi 3. Kadi ya wiki 8 yenye muhuri wa kichaa mara nyingi maana yake umri umedanganywa, au kadi imejazwa mezani na sindano haijachomwa.

Picha ya kadi haitoshi, ishike mkononi. Kila sindano iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na pembeni yake saini, muhuri na namba ya usajili ya daktari. Mpigie daktari huyo, umtajie tarehe. Watoto wa mama mmoja waliochanjwa siku moja kwa kawaida stika zao zina namba ya toleo ileile. Zikiwa tofauti tofauti, uliza kwa nini. Tarehe zilizoandikwa kwa kalamu tu, bila stika, usizihesabu. Hata kama sindano ilichomwa kweli, chanjo inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na iliyozunguka mfukoni mwa mtu tangu duka la dawa za mifugo hadi bandani inaweza kuwa imekufa njiani.

Umri usiulize mdomoni, fungua kinywa. Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa, kwa sababu kila wiki ya kumlisha ni gharama, na muuzaji mwenye haraka huwatoa wakiwa na wiki 4 au 5 na kuwaita wa wiki 8. Meno ya utoto ni 28: ya mbele 6 juu na 6 chini, chonge 4, na ya nyuma 12, matatu matatu kila upande, juu na chini. Kufikia wiki ya 8 karibu yote yamejitokeza. Ukiona chonge na vijino vya mbele tu, huku nyuma ni fizi tupu au meno ndiyo yanatoboa, huyo ana mwezi mmoja na siku kidogo. Macho yake mara nyingi bado yana rangi ya buluu yenye ukungu, na akigeuka haraka anayumba. Mpime na uzito: jike wa German Shepherd wa wiki 8 yuko kati ya kilo 5 na 8. Umri huu una umuhimu wake, kwa sababu kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndugu zake na mama yake ndio wanaomfundisha kuuma kwa kiasi. Aliyetolewa mapema atakuja kuwauma watoto wako kwa nguvu wakati wa kucheza, bila kujua kwamba anaumiza.

Baada ya meno tazama fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, minyoo au viroboto wamemnyonya damu. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika ni minyoo. Hiyo huwapata tangu tumboni mwa mama na kupitia maziwa, ndiyo maana mfugaji makini huwapa dawa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, na mama naye anapewa. Uliza tarehe hizo. Papasa kitovu: kinundu kidogo kuliko ncha ya kidole mara nyingi hujifunga chenyewe, kikubwa kitahitaji upasuaji. Angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole, kupe hupenda kujificha huko. Mwisho inua mkia. Manyoya yakiwa yamegandamana kwa kinyesi, yupo anayeharisha.

Na usimkague mmoja tu. Ndugu yake akiwa amejikunja pembeni, hali, anatapika, usimchukue hata huyo anayerukaruka. Parvo hukaa mwilini siku 3 hadi 7, pengine mpaka 14, kabla ya kuonekana.

Mama Shani, Arusha

Daktari kamaliza habari za mtoto. Baba Tunu, mimi nakuomba umtazame mama kwa muda mrefu kuliko unavyowatazama watoto.

Muuzaji asiye na mama ni dalali, hata akisema mama kapelekwa kwa shangazi au "ni mkali, tumemfungia". Ukali huohuo ndio unaoutaka kuujua. Mama wa German Shepherd aliye sawa atabweka mgeni akifika, kisha mwenye nyumba akimtuliza atakuja kunusa na kutulia. Anayejificha chini ya gari akitetemeka, au anayeendelea kutaka kuuma wakati bwana wake amekaa pale pale, atawarithisha watoto wake woga huo, na mbwa mwoga ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari kuliko mkali. Hakikisha pia ndiye mama kweli: chuchu zinaning'inia, watoto wanamfuata kunyonya, naye anawaruhusu au anawakwepa kwa uchovu. Chuchu zilizokauka na kubana tumboni si za mama wa watoto wa wiki 6.

Uliza amezaa mara ngapi na lini. Jike hupata joto takriban kila miezi 6, mimba ni kama siku 63, kwa hiyo hesabu utaifanya mwenyewe hapo hapo. Aliyezaa kila joto amegeuzwa mashine. Aliyezaa mara ya kwanza kabla ya miaka 2 huenda alipandishwa kabla nyonga zake hazijajulikana.

Nyonga kutokaa sawasawa kwenye kiungo chake ndio ugonjwa wa mbegu hii. Wazazi hupigwa eksirei wakiwa wamelazwa kwa dawa, miguu ya nyuma imenyooshwa, na picha hupewa daraja. FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, lina A, B, C, D na E: A ni nzuri, B inakaribia, C ina kasoro ndogo, D na E hawapaswi kuzalishwa. FCI inakubali picha kuanzia umri wa mwaka 1. Upo pia ugonjwa wa uti wa mgongo unaolegeza miguu ya nyuma uzeeni, ambao hupimwa kwa vinasaba. Mfugaji akikuonyesha hivyo vyote viwili, laki 8 si ghali.

Vyeti vya ukoo: hapa kwetu mara nyingi utaonyeshwa cha East Africa Kennel Club ya Nairobi. Soma jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, kisha wasiliana na chama wakuthibitishie namba hiyo. Angalia mababu wa pande zote mbili. Jina moja likijirudia kwa baba na kwa mama, wamepandishana ndugu. Na uelewe kwamba cheti kinathibitisha ukoo, hakithibitishi afya. Mbwa mwenye cheti kizuri anaweza kuwa na nyonga za daraja E.

Maneno ya biashara usiyalipie. Ukiambiwa baba ni "saizi ya kifalme", ana kilo 60, ujue kipimo cha mbegu ni kilo 30 hadi 40 kwa dume na 22 hadi 32 kwa jike. Hayo mengine ni mafuta au damu nyingine. Masikio kulala wiki ya 8 si dalili ya uchotara, mengi husimama kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Anayekuuzia vidonge vya kalsiamu "ili masikio yasimame" mkatalie kabisa: kalsiamu ikizidi kwa mtoto wa mbwa mkubwa huharibu mifupa inayokua.

Baba Tunu, Kimara

Asanteni sana, Daktari na Mama Shani. Nimempigia wa Kibaha. Eksirei hana, kasema hivyo bila kuzunguka. Mama ana miaka 3, huu ni uzao wake wa pili. Aliniuliza kama nitamfunga mnyororo mchana na nani atamlisha nikisafiri. Nimwache kwa sababu ya eksirei?

Mama Shani, Arusha

Hayo maswali yake ni dalili nzuri, anayeuza tu hukuuliza utalipa lini. Kukosa eksirei ni upungufu wa kweli lakini kwa hapa ni wengi, na bora aliyekiri. Fanya hivi: mwombe amtembeze mama kwa kamba, taratibu, kisha mbio kidogo, umtazame kwa nyuma na kwa ubavu. Akirusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura, au akichelewa kunyanyuka alipolala, acha. Akienda sawa haimaanishi nyonga ni salama, ila umeondoa wale walioharibika waziwazi. Uliza pia watoto wa uzao wa kwanza wako kwa nani, uwapigie wawili. Kama wana mwaka na zaidi sasa, ndio ushahidi bora kuliko wote. Kisha tumia upungufu huo kuomba punguzo, na mkataba.

Kaka wa Mabanda

Kwenye mkataba usiridhike na "nimepokea fedha". Uandikwe tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, namba ya chipu, kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, kama ipo (tarakimu 15, isomwe kwa kifaa mbele yako), chanjo na dawa za minyoo kwa tarehe, halafu mambo mawili yenye uzito: utampeleka kwa daktari wako ndani ya saa 72 na akikutwa mgonjwa unarudishiwa fedha, na parvo ikionekana ndani ya siku 7 hasara ni ya muuzaji, kwa kuwa kwa kawaida aliibeba kutoka kwake. Mfugaji wa kweli ataongeza sharti lake mwenyewe, kwamba ukishindwa kumfuga umrudishe kwake, usimuuze mtaani.

Huyo wa stendi muache. Sababu ya kukutana Mbezi ni usione banda. Omba simu ya video sasa hivi, si kesho, aonyeshe mama na watoto pamoja huku akitamka jina lako. Wengi hukata simu hapo. Usitume kianzio kwa mtu ambaye hujafika kwake. Mtindo ni uleule: leo nauli ya mbwa, kesho tundu la kusafirishia, keshokutwa "kibali kimekwama". Na akikwambia mbwa anatoka Nairobi anapita Namanga wiki ijayo, akumbushwe kwamba mbwa kuvuka mpaka anahitaji kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na chanjo ya kichaa, ambayo mtoto wa wiki 8 hana.

Daktari_Moro (mifugo)

Jambo la mwisho kabla hujaenda Kibaha. Kama eneo lako limewahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuhara damu, kirusi cha parvo kinaweza kuwa bado kipo udongoni, kinakaa miezi mingi hata mwaka. Sabuni na dawa nyingi za kawaida za usafi hazikiui. Sugua sakafu kwanza uchafu wote utoke, kisha mwaga Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10, suuza. Udongo wenyewe hausafishiki hivyo, mzuie mtoto asikanyage huko mpaka amalize sindano ya wiki 16.

Mfugaji akupe chakula anachokula sasa cha siku 7. Siku 2 za kwanza robo moja ya chakula chako, siku 2 nyingine nusu, siku 2 robo tatu, siku ya 7 chako chote. Akiharisha siku ya kwanza lakini anacheza, mara nyingi ni mabadiliko ya chakula. Akikataa chakula, akalala na kutapika, usingoje asubuhi. Mpeleke na kinyesi chake, kipimo cha haraka cha parvo kinatoa jibu ndani ya dakika chache.