Navara D40 ya dizeli iliyotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

Mpiga Randa

Habari zenu wakuu. Nina karakana ya samani na nimechoka kukodi gari kila nikipeleka kabati kwa mteja. Nimepata pikapu, Nissan Navara D40 (D40 ni jina la toleo lake) ya milango minne, ya mwaka 2008, dizeli 2.5, gia za mkono hatua sita, 4x4. Kwenye dashibodi inasoma kilomita 190,000 na ushee. Rangi inang'aa, viti visafi. Karatasi za matengenezo hakuna hata moja, ila maneno muuzaji anayo ya kutosha: "haijawahi kunisumbua", "injini haijafunguliwa", "ni ya Japani hiyo, dada".

Kazi zangu ni mbao, plaiwudi, kabati zilizokamilika, na mara moja moja tela dogo. Siku nyingi itatembea tupu. Naomba msiniambie nisubiri hadi niweze kununua mpya. Nataka kujua magonjwa yake, na pia vitu ninavyoweza kuviangalia mwenyewe, mimi nisiye fundi wa magari, kabla sijamlipa mtu aikague. Nawasilisha.

Spana Kumi na Mbili

Dada, hizo Navara nazijua zaidi kwa upande wa chini, kwa hiyo nitaanzia huko.

Chesisi kwanza, maana vingine vyote vinabadilishika. D40 imejengwa juu ya fremu ya boksi la chuma. Kabini na kasha la mizigo la nyuma vimefungwa juu yake kwa boliti. Tope na maji ya chumvi vikiingia ndani ya lile boksi havitoki kirahisi, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Kwa nje unaona rangi nyeusi safi, ndani imebaki karatasi. Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, zimewahi kukatika vipande viwili sehemu ya nyuma kidogo ya kabini, hadi Nissan ikawa inazikagua na kuzinunua tena baadhi kutoka kwa wenyewe. Wala si ugonjwa wa kampuni moja: mwaka 2008 Toyota kule Marekani ilitangaza kuzinunua tena pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizooza fremu. Na huyo anayekwambia ni ya Japani, mwambie D40 nyingi ziliunganishwa Barcelona.

Vaa nguo za kazi, chukua tochi na nyundo ndogo, lala chini. Gongagonga fremu pande zote mbili, kuanzia usawa wa mlango wa nyuma hadi pale kasha linapoanza na kupita kidogo. Chuma kizima kina mlio wa wazi. Kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo inaacha kibonyeo. Ukikuta chini kumepakwa lami nzito mpya wakati gari lenyewe la 2008, uliza imefunika nini. Ukikuta bati limechomelewa juu ya fremu, usiulize, ondoka. Kisha simama ubavuni, tazama mwanya kati ya kabini na kasha: unatakiwa uwe sawa juu na chini. Ukitofautiana juu na chini, ama mipira ya kabini imekufa ama fremu imeanza kuinama.

Sasa injini. YD25, yaani hiyo dizeli 2.5 yako, ni injini ngumu, ila ina kitu kimoja kinachoweza kuiua bila kuaga. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na watu wakisikia cheni wanatulia wakidhani ni ya maisha. Matoleo ya awali, na hiyo yako imo, yana cheni ya juu ya safu moja. Oili ikicheleweshwa, cheni inarefuka, tenshena (kile kifaa cha kuikaza) inafika mwisho wake, na zile reli inazopita zinaliwa. Ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, vali na pistoni zinakutana, na kutoka hapo unatafuta injini nyingine. Dawa ipo: seti ya cheni ya safu mbili, pamoja na tenshena na reli zake. Kama muuzaji anasema ilishawekwa, aoneshe risiti. Kama anajisifu kwamba injini haijafunguliwa, kwa gari hili hiyo si sifa, maana yake cheni ni ile ile ya kiwandani.

Namna ya kusikiliza: mwambie asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, rudi asubuhi nyingine. Ikiwashwa ya baridi, simama mbele yake. Mkwaruzo wa chuma unaoendelea baada ya sekunde chache, au unaojitokeza ukipandisha mizunguko polepole kati ya 1,500 na 2,500, ndio huo. Dizeli hizi zina kelele zake za kawaida, kwa hiyo rekodi kwa simu, fundi wako akasikilize kwa utulivu.

Klachi. Flaiwili yake, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, ni ya vipande viwili vyenye springi katikati, imewekwa hivyo ili imeze mtikisiko wa dizeli, na inachakaa. Ukizima injini ukasikia mgongano mzito, au ukiwa umekaa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) kuna mgogongo unaokoma ukikanyaga klachi, jiandae. Silinda ndogo ya klachi nayo wameiweka ndani kwenye gia boksi, kwa hiyo ikivuja tu, gia boksi lote lishuke. Wengi wakishalishusha wanaweka flaiwili ya kipande kimoja. Inafanya kazi, kelele zinaongezeka, mimi binafsi siipendi kwa mtu anayekaa garini kutwa.

Ikiwa sailensa inapanda na kushuka yenyewe au gari linazimika ukiachia mafuta, usikubali kuambiwa moja kwa moja ni nozeli. Anza na ile vali ndogo iliyo kwenye pampu ya dizeli, inayopima mafuta yanayoingia. Bolijointi, bushi, shokamzoba: hivyo ni vya kila pikapu, vihesabu kama matairi.

Dereva wa Zamu

Mkuu kamaliza ya chini. Mimi naongea ya kasha, maana dada kataja plaiwudi.

Hiyo inaitwa pikapu ndogo lakini ya milango minne ina urefu wa mita 5.2, na huo urefu umeliwa na abiria. Kasha limebaki kama mita moja na nusu. Plaiwudi ni 2.44 kwa 1.22. Haliingii, na wala usitegemee kulilaza kati ya matao ya magurudumu, nafasi hiyo ni nyembamba kuliko 1.22. Utalilaza juu ya matao, mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa, na bado kipande kitaning'inia. Kwa mbao ndefu utahitaji reki ya chuma juu ya kasha. Kabati refu litasafiri limelala, ulifunge vizuri, maana upepo wa mwendo hauna adabu. Kama hubebi watu nyuma, tafuta yenye kabini ndefu ya milango miwili mikubwa na miwili midogo, au ya kabini moja. Wenye karakana wengi hununua milango minne kwa sababu inaonekana ya heshima, halafu wanabaki wanakodi gari lingine la kubebea.

Lingine ni kutembea tupu. Springi za nyuma ni zile za vyuma vilivyopangana, zimepangwa kwa ajili ya mzigo wa karibu tani moja. Bila mzigo gari linaruka, hasa barabara yenye makorongo. Mvua ikinyesha na tairi zimeanza kwisha, nyuma inateleza kwenye kona hata ukiwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa uzito wote uko mbele na anayesukuma ni nyuma. Usitibu hilo kwa kuwasha 4H, yaani kuendesha magurudumu yote manne, kwenye lami kavu. 4x4 ya hii haina difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu ya mbele na nyuma yakilazimishwa kuzunguka sawa kwenye kona ya lami kavu, mzigo wote unaingia kwenye transifa kesi (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na shafti. Weka tairi nzuri, na ukitaka uzito uweke juu ya ekseli ya nyuma, usiusukumie mkiani.

Kupaki na kugeuza utalalamika wiki ya kwanza, utazoea. Mafuta hesabu karibu lita 10 kwa kilomita 100 ukiwa mpole, na zaidi ukiwa na tela.

Dizeli Tupu

Mimi nasema achana nayo kabisa. Chukua pikapu ya zamani zaidi yenye injini isiyo na kompyuta. Kamba ya akselereta, pampu ya kawaida, basi. Hizi za reli moja (common rail, nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa) ukipata dizeli chafu mara moja umekwisha. Na bora hiyo ya dada ni ya gia za mkono. Kule Marekani ndugu yake Frontier wa 2005 hadi 2010 mwenye gia otomatiki anajulikana kwa rejeta: kipoza mafuta ya gia kimo humo humo ndani, kikipasuka maji na mafuta ya gia vinachanganyika, gia boksi linakufa.

Spana Kumi na Mbili

Dizeli Tupu, kuhusu Frontier uko sahihi. Kuhusu uzee sikubaliani nawe. Za zamani zina magonjwa yake. Mitsubishi L200 yenye injini ya 4D56, kwa mfano, ina mikanda miwili pale mbele, wa taimingi na wa shafti za kusawazisha. Huo mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa, na hapo kukosa kompyuta hakukusaidii kitu. Tena pikapu ya miaka 30 chesisi yake imekula chumvi na tope kwa miaka mingi zaidi. Dada anataka gari la kupeleka kabati kwa mteja saa aliyoahidi. Kwenye dizeli chafu nakuunga mkono: abadilishe filta ya dizeli mapema na amwage maji yanayokusanyika chini yake, asisubiri taa.

Mpiga Randa

Wakuu, nimekwenda. Mara ya kwanza boneti ilikuwa ya moto, muuzaji akasema alikuwa "anaisogeza tu". Nikarudi asubuhi, tukaiwasha ya baridi. Kulikuwa na mkwaruzo mfupi ukapotea, na ukirudi kupandisha mizunguko hausikiki. Nimerekodi.

Ila chini sikupenda. Upande wa kulia nyundo inalia vizuri. Upande wa kushoto, nyuma ya kabini, mlio unabadilika ghafla kwenye kipande kama urefu wa mkono wangu, na kote kumepakwa kitu cheusi ambacho bado kinanata kwenye kidole. Nilipouliza gari lilikuwa likifanya kazi gani, akasema mwenye nalo wa kwanza alikuwa anavuta boti, analirudisha nyuma hadi baharini kuishusha. Alilisema kama sifa ya nguvu zake. Sasa yuko tayari kupunguza bei sana, na anadai fundi wake atachomelea siku moja tu. Nikubali? Kuna nyingine pia nimeonyeshwa, D40 ya 2011, ya kabini ndefu, kilomita zimepita 240,000 lakini ina kitabu kilichojazwa.

Spana Kumi na Mbili

Usikubali, hata akupunguzie nusu. Kuchomelea kiraka juu ya chuma kilichooza kwa ndani ni kushika hewa. Kiraka kitabaki kizima na fremu itakatika pembeni yake. Fremu inaweza kutengenezwa ipasavyo, ila ni kazi ya kushusha kasha, kukata hadi kufikia chuma kizima na kuingiza sehemu mpya zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Hiyo siku moja anayosema ni ya kupaka rangi. Na kwa maji ya bahari, breki, paipu zake na waya za nyuma navyo vitakuwa na madeni.

Hiyo ya 2011 nenda kaione. Toleo hilo lilishafanyiwa marekebisho mwaka 2010, 2.5 ikapandishwa hadi nguvu farasi 190 kutoka 174. Kilomita 240,000 zenye kitabu nazichukua kabla ya 190,000 zenye maneno. Kwenye kitabu tafuta vipindi vya oili kwanza, vikiwa vimeachana sana rudi kwenye suala la cheni kama nilivyoeleza. Nyundo ni ile ile, usiisamehe kwa sababu ya umri. Na uliza kama ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, baadhi ya hizo za baadaye zinacho. Kichujio hicho hujisafisha chenyewe gari likipata mwendo mrefu wenye moto. Kama wateja wako wote wako jirani na karakana, kitaziba, na dalili mojawapo ni oili kuongezeka kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua, kwa sababu dizeli ya kusafishia inateremkia huko. Chomoa kijiti, tazama kiwango, nusa. Oili yenye harufu ya dizeli iliyopita alama ya juu ni swali la kumuuliza muuzaji kabla hujazungumza bei.

Mpiga Randa

Nimeelewa mkuu, ya kwanza nimeshamwambia hapana. Dereva wa Zamu, kasha la kabini ndefu nitalipima kwa futi yangu mwenyewe, nikiwa na kipande cha plaiwudi mkononi. Ya 2011 naenda kuiona Jumamosi, na mwenyewe nimeshamwomba asiiwashe asubuhi hiyo. Kacheka, kasema atanisubiri nifike ndipo atoe funguo.