Kansa za watoto mbona hazifanani na za watu wazima?

MamaUmoja2: Jamani naomba msaada. Mtoto wa dadangu wa miaka 6 huko Siaya alivimba taya, tukajua ni jino, likang'olewa, likang'olewa la pili, uvimbe ukazidi, wiki mbili uso wote umeenda upande. Sasa tuko naye hospitali ya Kenyatta wanasema ni limfoma ya Burkitt, aina ya kansa ya seli za kinga. Nikizunguka wodi naona huyu tumbo, yule jicho, mwingine damu, sijaona hata mmoja wa mapafu ama matiti. Mbona? Na mama mkwe anasema ati ni vitu dadangu alikula akiwa na mimba 😢

NesiMstaafu: Pole sana mama. Huyo mama mkwe anyamaze kwanza. Kansa ya mtu mzima mara nyingi hujengeka miaka mingi, sigara, pombe, lakini ya mtoto huanzia kwa seli ambazo bado zinakua mbio, damu, ubongo, figo, jicho. Duniani lukemia (kansa ya damu) ndiyo inaongoza. Jicho na figo ni za wadogo sana, wengi hawajafika miaka 5, ya mfupa karibu na goti utaiona kwa wanaobalehe. Hiyo yenu inafuata malaria ya kila mara pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, ndio maana iko sana pande za ziwa na Pwani kuliko kwa baridi huko milimani. Dokta Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa Uganda, watoto wa taya hivyo hivyo. Inakua haraka mno ila inasikia kemo (dawa za kuua kansa) vizuri.

BabaPacha: Yetu ilikuwa jicho. Kwa picha za simu jicho moja linang'aa jeupe, tukasema ni flashi, miezi ikapita (hapo bado najichukia). Lilitolewa, ana la bandia, yuko PP2 (chekechea) anasumbua walimu. Tuliambiwa na pacha wake apimwe pia, hiyo ya jicho inaweza kuwa ya kurithi.

MamaUmoja2: Asanteni. Kemo ya kwanza imeingia na taya imeshuka karibu yote, dada anataka kurudi nyumbani amalize kupanda mahindi.

NesiMstaafu: Asithubutu!! Hapo ndipo wengi hupotea, uvimbe unashuka wanaenda, wanarudi imeshaingia kwa uti wa mgongo. Amalize raundi zote.

MamaUmoja2: Sawa. Wakiruhusiwa watakaa kwangu, ni matatu mbili tu. Mahindi atapanda mama mkwe.