Kifaa cha umeme, vikoni, au kubana tu? Mkojo unanitoka nikikohoa

MamaPacha_Jinja: Habari zenu dada zangu. Jumamosi nakwenda Kampala na nataka niwe nimeamua. Muuzaji mmoja ana kifaa cha umeme cha kukaza misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kwa 250,000, na vikoni vya uzito vya kuweka ukeni kwa 90,000. Wifi yangu anasema niache vyote, niibane misuli hiyo mwenyewe nyumbani. Mkojo unanitoka nikikohoa. Nichukue kipi?

BintiArua: Mbona hujasema ya maana? Umejifungua lini? Ni matone au nguo yote inalowa? Unavuja hata ukiwa umekaa kimya?

Nesi_Masaka: Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ukichuruzika usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, usinunue chochote. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna mazoezi yanayoliziba. Hospitali ya Kitovu huku kwetu wanafanya upasuaji wake, Mulago ya Kampala pia. Na kama una mimba, hivyo vifaa viache.

MamaPacha_Jinja: Samahani. Pacha wana miezi 7, nilijifungua kwa njia ya kawaida. Ni matone, nikikohoa, nikicheka au nikiinua jerikeni. Usiku naamka mkavu. Sina mimba.

UmmuRehema: Kifaa kama hicho ninacho. Mwenye duka alinipa boksi na karatasi ya Kichina, basi. Wiki sita, watoto wakishalala, najilaza nacho. Mkojo haukukoma, na juu yake nikapata maumivu, hata tendo la ndoa likawa mateso. Nilinyamaza kwa aibu. Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya mwili. Akavaa glavu, akaingiza kidole ukeni, akasema, "Bana kidole changu." Nikabana kwa nguvu zote. "Mama, unasukuma chini kama uko chooni, na pumzi umeizuia." Akaniambia nilegeze, nikashindwa. Misuli ilikuwa imekakamaa muda wote, na mimi nazidi kuikaza! Mwezi wa kwanza hakunifundisha kubana kabisa, alinifundisha kuvuta pumzi hadi tumbo lijae, kisha kuachia. Kifaa kiko kabatini hadi leo.

DadaTororo: Pole sana. Lakini mimi vikoni vimenifaa. Ukisimama kikaanza kuteleza, unajua umelegea, huhitaji kuambiwa na mtu. Anza na chepesi. Ukiwa kwenye hedhi au una maambukizi, usitumie.

Nalubega2: Pesa za bure hizo. Ukienda haja ndogo, katiza mkojo katikati, kila mara. Zoezi tosha.

Nesi_Masaka: Hapana, Nalubega! Mara moja tu, kuitambua misuli. Ukiifanya desturi, mkojo hautoki wote kwenye kibofu na unajitafutia maambukizi. Kibofu kikiwa kitupu, bana kama unayezuia hewa isitoke nyuma, vuta juu, pumua, shikilia sekunde 5, ukizoea 10, kisha achia kabisa. Mara 8, vipindi 3 kwa siku, miezi 3 bila kukatiza. Wengi wanaacha wiki ya pili wakidai hayafanyi kazi.

DadaTororo: Hata Kegel, daktari wa Marekani aliyeeneza mazoezi haya ya kubana mwaka 1948, alikuwa na kipimo cha kumwonyesha mwanamke kama anabana sawasawa. Kwa hiyo vifaa si upuuzi.

UmmuRehema: Alikuwepo daktari pale, dada. Muuzaji hatakuangalia.

BintiArua: Na hiyo jerikeni? Lita 20 ni kilo 20. Bana kwanza, toa pumzi, ndipo uinue.

MamaPacha_Jinja: Nimejaribu sasa hivi nikiwa jikoni. Sijui kama navuta juu au nasukuma, kweli sijui. Huyo wa fiziotherapia anatoza kiasi gani?

UmmuRehema: Njoo inboksi.

Nalubega2: Mimi jerikeni nimemwachia mume tangu nilipojifungua.

BintiArua: Wangu yuko Juba. Zile za lita 10 zenye mshiko imara mnanunua wapi? Za huku zinakatika haraka.