Tupeane uzoefu: mliorekodi Star Wars Weekends kwa kamera za mkanda, kanda zenu ziko wapi sasa hivi?

Mkanda wa Saba (mwanzisha uzi)

Wadau habari za leo. Mwezi uliopita nilikuwa Tanga nyumbani tunapanga vitu vya marehemu mama, chini ya kabati nikakuta boksi la viatu limejaa kanda zile ndogo za MiniDV, nikazihesabu ziko 11, na mwandiko ni wangu mwenyewe, "Starwars 2008 gwaride", "Starwars usiku mvua", "mama na Darth Vader". Nilikaa chini pale pale sikuamini maana miaka yote nilijua zilipotea wakati nahama Orlando.

Kwa ambao hawakuwahi kufika, hili lilikuwa tamasha la wapenzi wa zile filamu za anga za Star Wars pale Walt Disney World Florida, ndani ya bustani ya Disney's Hollywood Studios ambayo mpaka mwanzoni mwa 2008 ilikuwa inaitwa Disney-MGM Studios. Lilianza 1997, baadae likawa la kila mwaka, wikendi kadhaa za mwezi wa tano na wa sita, na la mwisho ni 2015, halijarudi tena. Siku hizi kuna Galaxy's Edge, eneo zima la Star Wars ndani ya bustani, tangu 2019, ni pazuri sana sikatai, lakini sio kitu kile kile. Kule kulikuwa na gwaride la waigizaji wenyewe kwenye magari ya wazi, kulikuwa na wale mashabiki wa kikundi cha 501st Legion waliojitengenezea mavazi yao kwa mikono wanatembea kwenye jua la Florida na plastiki mwili mzima, asubuhi kabla geti halijafunguliwa Stormtrooper, wale askari weupe wa kwenye filamu, wanapanda juu ya geti wanawatania watu walioko foleni. Alafu usiku mbele ya ile kofia kubwa ya Mickey mchawi iliyokuwa katikati ya bustani kuna Hyperspace Hoopla, wahusika wanashindana kucheza miziki ya redioni. Ile kofia yenyewe ilishabomolewa 2015.

Kwaiyo ukitaka kuona vile vitu sasa hivi, asilimia kubwa ni kanda za watu kama mimi na wewe. Ndio maana nimeanzisha huu uzi. Nani alirekodi, alirekodi nini, na kanda ziko hali gani? Za kwangu bado sijazigusa, kamera niliuza zamani.

Nakuru_Dallas

Aisee umenigusa. Mimi ni Mkenya, nilipelekwa huko 2003 na anko yangu na tulikuwa na kamera yake ya kanda za Hi8. Anko alikuwa shabiki kupindukia na sababu yake ni moja tu, Nien Nunb. Wale hamjui, kwenye ile filamu ya 1983, Return of the Jedi, yule rubani anayekaa na Lando ndani ya chombo cha Millennium Falcon, mwenye mashavu makubwa, anaongea Kikuyu na Kalenjin kabisa, sio lugha ya kutunga. Sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, alikuwa mwanafunzi huko Marekani. Anko alikuwa anatuambia siku ya kwanza kuiona hiyo filamu kwa deki pale nyumbani Nakuru alisimamisha mkanda akarudisha nyuma mara tatu akaita majirani waje wasikie.

Sasa kwa ile tape yetu, dakika kama arobaini ni foleni ya Star Tours, mchezo wa kupanda unaoigiza safari ya anga, ile ya zamani kabla hawajaifunga 2010, maroboti C-3PO na R2-D2 wanatengeneza chombo, na nyuma ya kamera ni anko anamweleza mzungu mmoja hatumjui habari ya Nien Nunb mwanzo mpaka mwisho, anamfundisha na Kikuyu kidogo. Wakati ule nilikuwa nakasirika naona anaharibu sauti ya R2. Anko alituacha 2014. Leo hiyo ndio sehemu naangalia, gwaride silitafuti hata.

Ushauri kwa waliorekodi ndani ya giza na ile naitishoti (NightShot, ya kuonea gizani) ya kijani, msizifute hata kama picha mbaya. Sauti ya ndani iko sawa.

Fundi Deki

Mkuu mwanzisha uzi, kabla hujafanya lolote NAKUOMBA usiingize hizo kanda kwenye kamera yoyote. Tanga ni pwani, joto na unyevu, miaka kumi na kitu chini ya kabati. Shika kila moja kwenye mwanga uangalie kwenye kidirisha, ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za mkanda huo ni ukungu, ukicheza hivyo hivyo unahamia kwenye hedi ya kamera na kanda inayofuata nayo inaupata. Zilizo safi tenga pembeni, zenye ukungu ziweke mfuko wake na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu, mpe mtu anayejua kusafisha. Mimi nimeshaona mtu kaingiza moja chafu akaharibu na tisa nzima.

La pili, umerekodi Marekani kwaiyo ni NTSC, mfumo wa video wa kule. Kamera nyingi zilizoingia huku kupitia Dubai ni PAL, mfumo mwingine, utaweka mkanda utaona bluu tupu utadhani umefutika. Haujafutika, mashine haiusomi tu. Watu wametupa kanda nzima kwa ajili ya hili na inauma sana. Tafuta kamera ya Marekani au Japani.

La tatu tumia waya wa FireWire, achana na USB ya kamera maana kwa kamera nyingi za kipindi kile inatoa kapicha kadogo tu. Mkanda wa saa moja unachukua saa moja, hakuna kuharakisha, na faili ni kama GB 13, andaa hard disk ya kutosha. Hilo faili la kwanza libaki hivyo hivyo usilikandamize, la kumrushia shangazi WhatsApp tengeneza kopi. Ukiona mistari kama meno ya chanuo watu wakitembea usishtuke ndivyo picha ya enzi zile ilivyo, programu inaiondoa wakati wa kutengeneza kopi.

Mama wa Mapacha

Naomba nichangie na mimi japo yangu ni ya kuumiza. Tulikuwa Florida mume wangu akiwa masomoni, tukaenda 2012 na 2013. 2013 ndio mwaka wa mwisho wa Hoopla na mimi niliirekodi yote tangu mwanzo mpaka taa zinazimwa, nimesimama mkono juu nusu saa na zaidi, bega liliniuma siku mbili. Tuliporudi Dar nikapeleka kanda sehemu moja wanahamishia kwenye DVD. Nikalipa, nikapewa DVD safi ina na muziki wa kinanda mwanzoni, kumbe wamekata. Wameacha jukwaa tu. Foleni zote wameondoa, mapacha wangu wamelala mmoja bega la kushoto la baba yao mmoja la kulia huku na mapanga yao ya taa mkononi yanawaka, wameondoa. Nilipouliza nikaambiwa dada tulitoa sehemu zisizo na kitu. Kanda zenyewe walishazitupa, walisema wateja huwa hawazirudii.

Kwaiyo mkipeleka sehemu andikeni kabisa kwenye karatasi, msikate hata sekunde, msiweke muziki, nirudishieni kanda zangu. Na msilipe yote mpaka mmeziona.

Nakuru_Dallas

Pole sana dada. Hiyo "sehemu zisizo na kitu" ndiyo sehemu yenyewe. Jukwaa la Hoopla ukitafuta utapata watu kumi walilirekodi. Mapacha wako wamelala hakuna mwingine anayo.

Bukavu Lyon

Mie niko Ufaransa, Disneyland Paris ilikuwa nayo Star Tours tangu mwaka ile ilifungua, 1992, na 2017 walianza msimu yao ya Star Wars. Nilifilmu yote na telefone, nikapoteza telefone kwa treni siku ileile. Ila kaseti ya baba ya 1996 iko, inacheza hadi leo. Dada Mama wa Mapacha nimesikia uchungu yako.

Chumbageni

Swali kwa Fundi. Ninayo ya Hoopla 2010, niliipandisha mtandaoni sauti ikazimwa yote sababu ya hakimiliki ya zile nyimbo. Nifanyeje?

Fundi Deki

Mkuu hapo mtandaoni huna namna, nyimbo ni za watu. Hifadhi nakala kamili kwako, disk mbili na moja ikae nyumba nyingine. Ya mtandaoni ibaki kwa ajili ya picha.

Mkanda wa Saba

Wadau narudi na mrejesho, samahani nimekawia. Nakuru_Dallas alinitafuta inbox, shemeji yake alikuwa anakuja Nairobi akabeba kamera ya Sony ya NTSC pamoja na waya wake, ikapanda basi mpaka Tanga. Sijui nimshukuru vipi huyu mtu hatujawahi hata kuonana. Kanda tatu zina ukungu nimezitenga kama Fundi alivyosema. Nane zimeingia zote.

Ule wa "mama na Darth Vader" ni kama nilivyokuwa nakumbuka, mama amevaa kitenge amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, anasema "mwanangu huyu anapumuaje humo ndani, mpeni maji." Kwenye gwaride anauliza hawa weupe ni askari wa nani, namjibu, anauliza tena, namjibu kwa ukali kidogo, najisikia kabisa nilivyokuwa na haraka ya kurekodi magari.

Lakini mkanda wa saba nilikuwa nimeusahau kabisa. Dakika ishirini za mwanzo ni Hoopla na mvua, alafu inakatika, kunakuwa mchana, tuko Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney hapo hapo Florida, siku ya pili yake, kwenye kile kijiji chao cha Harambe walichokijenga kwa mfano wa Lamu. Kamera anayo mama. Sikumbuki hata kama niliwahi kumpa. Anatembea taratibu mno, anarekodi kuta, anarekodi milango, anasoma vibao vyote vya Kiswahili kwa sauti kimoja kimoja, kingine anakirudia, anasema "hii si Pangani hii?" Mimi nasikika kwa mbali namwambia mama twende tutachelewa foleni ya safari. Anasema subiri kwanza, nawachukulia wa nyumbani.

Anaendelea hivyo dakika 34, mpaka betri inaisha.