Wakuu, shokapu za nyuma nimekaza hadi mwisho na bado tairi linagonga

Kimya Kingi (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nina pikipiki ya zamani, zile za shokapu mbili nyuma, springi iko nje na chini yake kuna ringi ya ngazi ya kukazia springi. Nikiwa peke yangu inanirusha kama nimepanda mbuzi. Nikipakia mtu, kila shimo tairi linapiga madigadi. Nimezungusha ringi zote mbili kutoka ngazi ya 2 hadi ya 5, na 5 ndiyo mwisho. Swali langu dogo tu: kuna namna ya kuipita hiyo 5? Nafikiria kuweka washa nene chini ya springi. Tafadhali sana, sitaki kuambiwa ninunue mpya.

Kigoda
Ngoja waje wataalamu, mimi nimeshavuta kigoda.

Mzee wa Tahadhari
Kijana, chombo cha zamani ni kama mzee, hakilazimishwi. Vijana wa sasa mnataka kukaza kila kitu.

Spana Kumi
Ringi haiifanyi springi kuwa ngumu. Springi ni ileile, ukiikaza unainyanyua tu pikipiki. Washa itafanya hivyohivyo, tena utaifikisha springi mahali ambapo mizunguko yake inagusana kabla shokapu haijamaliza safari.

Pima kwanza. Nyanyua tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama yoyote iliyo juu yake wima. Ishushe, ikalie kama unavyokaa barabarani, mwenzako apime tena. Kwa pikipiki ya barabarani tofauti iwe kama milimita 25 hadi 35. Bila mtu ishuke yenyewe kama 10 hivi. Halafu sukuma kiti chini kwa nguvu uachie. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikicheza mara mbili tatu, oili ya ndani imekwisha kazi, na hapo hakuna ngazi itakayokusaidia.

Swali moja: shokapu zote mbili ni za pikipiki hiyohiyo?

Kimya Kingi
Asante mkuu, umeeleza vizuri. Nimepima. Bila mtu inashuka 3, nikikaa mimi 22. Tukiwa wawili sikupima, mke wangu alikuwa na haraka.

Kigoda
Sasa tumefika penyewe. Shemeji ana kilo ngapi? 😂

Mama Wawili
Kila pikipiki ikigonga ni kilo za mwanamke. Mbona hakuna aliyeuliza za kwake yeye?

Cheni Legevu
Mimi niseme yaliyonikuta. Niliinyanyua nyuma hivyohivyo, nikajisahau upande wa cheni. Nilikuwa nimeipima ikiwa imesimama bila mtu, ikaonekana ina mchezo wa kutosha. Kumbe cheni hukaza zaidi pale ekseli, bolti la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma) na sproketi ya mbele (gia inayovuta cheni) vinapokaa mstari mmoja, yaani ukiwa umeikalia. Nilipopakia mizigo ikawa kama waya wa gitaa. Nilisikia mlio siku nne nikadhani ni tairi. Beringi ya nyuma ya sproketi ya mbele ikafa, injini ikashushwa yote. Tangu hapo siamini kitu kinachoonekana sawa kikiwa kimesimama, hata watu.

Spana Kumi
Mleta uzi, hujajibu. Zote mbili ni za pikipiki hiyohiyo?

Kimya Kingi
Sawa. Ya kushoto ndiyo yake. Ya kulia ilivuja, nikapata nyingine ya aina tofauti, nzima kabisa, kroma bado inang'aa. Ni ndefu kidogo tu, milimita 15. Na iliingia vizuri, mdogo wangu alikalia kiti nikachomeka bolti. Na kabla hamjaanza: nimeshaongea na mchomeleaji, Jumamosi anapandisha kishikio cha chini cha kushoto ili zilingane. Kwa hiyo hilo lina ufumbuzi wake, turudi kwenye ngazi.

Mama Wawili
"Iliingia vizuri" na mtu amekalia kiti.

Spana Kumi
Hakuna ngazi ya kurudia. Tairi likining'inia, ya kushoto inafika mwisho huku ya kulia bado inasukuma. Mkono wa nyuma unapindwa kila siku, na bushi zake, zile pete za kwenye bolti lake, ndizo zinazolipa. Ukipakia, ya kulia inabeba zaidi ya mwenzake. Kishikio kikipandishwa utalinganisha urefu, ila springi bado mbili tofauti, na umechomelea mahali panapobeba nusu ya uzito wa nyuma.

Kigoda
Kwa hiyo si shemeji. Naomba radhi.

Mzee wa Tahadhari
Nilisema mimi.

Jicho Pevu
Hivi mmesoma mwanzo? Alisema ringi zote mbili zina ngazi 5. Sasa ya kulia imetoka kwenye pikipiki nyingine, ngazi zimefananaje? Na picha hakuna hata moja. Hii chai, tena ya moto. Mtu ametunga ili aone mnavyotokwa povu.

Kimya Kingi
Ya kulia ina 3. Niliandika 5 zote ili nisirefushe habari. Nimekaza kila moja hadi mwisho wake, kosa langu liko wapi?

Cheni Legevu
Lipo hapo hapo uliposema.

Spana Kumi
Fanya hivi leo: toa shokapu zote mbili, shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Mkono ukicheza, bushi zimeshaanza kuliwa.

Kimya Kingi
Unacheza. Si sana, lakini unacheza. Nimempigia mchomeleaji, nimemwambia Jumamosi nina msiba. Naanza kutafuta jozi, hata kama imetumika, mradi ziwe pacha.

Jicho Pevu
Bado nasema chai. Ila kama hiyo ndefu ipo kweli, tundu la juu ni la bolti ya ngapi? Ninayo moja ya ngazi 3, imekosa mwenzake.

Kimya Kingi
Si ulisema haipo?