Arowana hataki chakula cha friza: kumshindisha njaa, kumchanganyia, au kumchezeshea kwa kibano?

Mzee_wa_Tangi
Wakuu, habari za jioni. Nina arowana silva, samaki wa mapambo anayewinda, urefu wake unakaribia rula ya shule, yupo kwenye tangi la futi sita hapa Tabata. Tangu aje kwangu anakula vilivyo hai tu: gapi (visamaki vidogo vya mapambo), panzi, nyenje na mende ninaowafuga kwenye ndoo. Mama watoto sasa amegoma, anasema mende hawakai nyumba moja na yeye. Gapi wa dukani nao bei juu, na kila nikileta kundi jipya roho inakuwa juu, isije ikawa wamebeba ule ugonjwa wa vidoa vyeupe.

Nataka nimhamishie kwenye kamba na samaki wa friza. Tatizo, nikimtupia kamba aliyeyeyuka anamsindikiza kwa macho mpaka chini, halafu basi. Nimesikia njia tatu: kumshindisha njaa mpaka asalimu amri, kumchanganyia hai na mfu, au kumchezeshea chakula kwa kibano adhani kinaogelea. Mliozitumia, ipi ina nafuu na ipi ni hadithi za kijiweni?

Tumbo_Moja
Uzi mzuri. Naweka kambi hapa.

Jamaa_wa_Rongai
Kibano, boss. Lakini kwanza mwangalie samaki mwenyewe alivyoumbwa. Mdomo wa arowana umeelekea juu, na kwenye kidevu ana ndevu mbili anazotanguliza mbele akitembea. Kwao Amazon anaokota wadudu juu ya maji, na anaweza kuruka nje kabisa kumdaka mdudu aliyetua kwenye tawi. Kitu kilichozama kwake ni takataka. Kwa hivyo usijiulize tu kama chakula ni hai au kimekufa, jiulize pia kinakaa wapi ndani ya maji.

Mimi natumia kibano kirefu cha plastiki. Cha chuma sikipendi kwa sababu huyu samaki akipiga anapiga kwa nguvu, atajichubua mdomo. Kamba aguse uso wa maji tu, umtetemeshe kidogo, halafu umsogeze kwenda *mbali* na samaki. Wengi hapa ndipo wanapokosea, wanamfuata naye usoni. Mawindo hukimbia, hayamjii mwindaji. Kitu kikimjia, yeye ndiye anayejiona anawindwa, na kesho ukiinua mkono tu anakimbilia pembeni. Akishapiga, achia hapo hapo, usivutane naye.

Na uwe na saa moja na upande mmoja wa tangi. Ajue ukisimama pale kuna kula.

Mtata
Kwani lazima? Mwindaji aachwe awinde. Huko porini nani anampelekea barafu?

BintiPwani
Mtata, huko porini pia hakuna anayempa gapi wa dukani asubuhi na jioni. Porini anakula wadudu wa kila aina, buibui, kaa wadogo, samaki, chochote kinachoangukia majini. Wetu tunampa aina moja au mbili tukasema ni chakula cha asili. Gapi aliyeshinda na njaa dukani ana nini ndani yake? Maji na mifupa.

Kama mtu anataka kubaki na chakula hai, sawa, azalishe gapi wake kwenye tangi la pili, awalishe vizuri ndipo awatoe. Hapo suala la magonjwa linapungua sana. Ila kwa arowana wa ukubwa huo, atawamaliza kabla hawajazaana. Kwa samaki mdogo hiyo njia inafaa, kwa huyu sidhani.

Mzee wa Tangi, mimi nipo upande wa kuchanganya, ila si kwa namna watu wengi wanavyofanya. Wanatupa gapi watano hai na kamba watatu wafu kwa pamoja. Samaki anachagua gapi, kamba wanaozea chini. Mimi naona ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Sasa hivi unamtoa kwenye nyenje anayerukaruka juu ya maji unampeleka kwenye kamba aliyelala chini: harakati imebadilika, harufu imebadilika, umbo limebadilika, na mahali pa kula pamebadilika. Ni mengi mno.

Chukua nyenje wale wale, uwagandishe kwenye friza, uwayeyushe, umpe. Nyenje mfu anaelea! Umbo analijua, harufu anaijua, kilichoondoka ni uhai tu. Akishakula mfu bila kuuliza, ndipo umlete kamba, tena juu juu vile vile. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kumbikumbi. Mvua za vuli au za masika zikianza, weka taa na beseni la maji nje, utajaza mifuko. Wagandishe bapa bapa kwenye mifuko midogo, una chakula cha kuvukia miezi. Watu wa Bukoba wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa senene, kama wataweza kuwaachia samaki.

Mende na panzi wa kuokota ovyo mimi siwagusi. Hujui jirani kapuliza dawa gani.

Mtata
Kuwapa samaki senene, hiyo ni dhambi. Kwa kumbikumbi nimekuelewa.

Mganga_wa_Samaki
Naomba niongelee njaa, maana ndiyo njia inayopendwa na ndiyo inayoumiza.

Arowana mzima, mwenye mwili, siku mbili tatu bila chakula haimdhuru kitu. Hata wiki atavumilia. Hiyo inatosha kumletea hamu kabla ya kumjaribu na kitu kipya. Arowana mchanga ni tofauti: anakua haraka, anatumia anachokula siku hiyo hiyo. Ukimkalia kimya siku nyingi utamwona mgongo unachongoka nyuma ya kichwa na tumbo linaingia ndani. Akifika hapo hajifunzi chochote, anadhoofika tu, na vidoa vyeupe ulivyokuwa unavikimbia vinampata kirahisi zaidi. Kwa hiyo njaa peke yake si njia. Ni kiungo cha kuongeza kwenye zile mbili nyingine, na kwa kiasi.

Kabla hujasema samaki ni mkaidi, pima joto la maji. Arowana anataka kati ya nyuzi 26 na 30 hivi. Maji yakishuka anapoteza hamu, umpe hai umpe mfu.

Jamaa_wa_Rongai
Kweli kabisa daktari. Huku kwetu mwezi wa saba bila hita samaki ananuna tu. Wa Dar hawajui hiyo shida.

Mwana_Kigoma
Samahani wakuu, nadandia uzi. Mimi ninaye oska, samaki mwingine wa mapambo, kashakubali mfu bila taabu. Huku dagaa wabichi tele mwaloni, bei ya bure. Nimpe hao tu kila siku kutoka friza?

Mganga_wa_Samaki
Mpe, lakini si hao tu. Kuna kimeng'enya kinaitwa thiaminesi, kinavunja vitamini B1. Kipo kwa samaki wengi wa ukoo wa heringi na wa ukoo wa kapi. Dagaa wenu wa Tanganyika ni wa ukoo wa heringi, dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo wa kapi, na goldfishi ambaye watu wanamnunua awe chakula naye ni wa kapi. Si kila aina inacho kwa kiwango kimoja, ila kwa sababu hiyo hakuna aina hata moja ya hao inayofaa kuwa chakula pekee.

Barafu haikiui. Kinaendelea kula vitamini taratibu hata ndani ya friza, kwa hiyo dagaa aliyekaa miezi ni mbaya kuliko wa wiki hii. Moto ndio unaokivunja. Samaki akikosa B1 kwa muda mrefu anaacha kula, anapoteza mizani, anaogelea ubavu, anatetemeka kama mwenye kifafa, na watu wanadhani amelishwa sumu. Baadhi ya kamba na wanyama wa kwenye makombe nao wanacho. Dawa yake ni kuzungusha: leo kamba, kesho kipande cha sato, siku nyingine wadudu, dagaa mara moja moja.

Moyo wa ng'ombe na kuku, ambao najua mtu atauliza: mara chache sana au usimpe kabisa. Mafuta ya mnyama wa damu moto, hasa ya ng'ombe, yanaganda kwenye joto la tangi, na mwili wa samaki hauna njia nzuri ya kuyatumia.

Mwana_Kigoma
Asante daktari. Nilikuwa njiani kununua ndoo nzima.

Mtata
Haya, nakubali hai ana magonjwa. Na mfu je? Mnazungumza kama friza ni chumba cha upasuaji. Kipande kikibaki chini ya mawe usiku mmoja, asubuhi amonia, ile sumu ya uozo ndani ya maji, imepanda. Gapi asipoliwa anaendelea kuogelea.

BintiPwani
Hapo umesema kweli. Ndiyo maana kipindi cha kufundisha unatoa kimoja kimoja, unasubiri, kisipoliwa unakitoa kwa wavu. Kumimina kikombe kizima na kwenda kuangalia mpira hakufai.

Mganga_wa_Samaki
Niongeze. Wiki nzima kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inaua minyoo mingi inayokaa kwenye nyama ya samaki. Bakteria wengi hawafi, wanalala tu. Friji ile yenye kijisanduku cha barafu juu haifiki baridi hiyo. Yeyusha kwenye kikombe chenye maji ya tangi, mwaga yale maji, mpe. Kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza.

Kijana_wa_Feri
Mimi nauza samaki na kamba sokoni Feri, sifugi, lakini wateja wa samaki wa mapambo ninao. Chukueni kamba wadogo wabichi wenye rangi ya kijivu, maana aliyekuwa mwekundu ameshachemshwa. Ukali wa kichwani, ule kama msumeno, kata. Ganda la mgongoni kwa samaki anayejifunza toa, akizoea muachie. Wapangeni kwenye sinia wasigusane, wakishaganda ndipo wawekwe mfukoni, la sivyo utapata jiwe moja la kamba ambalo unalivunja kwa nyundo. Na mgao wa umeme ukipita usiku mzima, fungua uangalie: wakishalainika wapike mle nyumbani, samaki asipewe.

Uduvi mkavu watu wananunua kwa sababu unaelea. Ni kweli unaelea, ila una mchanga, na mwingine umetiwa chumvi. Kwa samaki wa rula nzima pia ni mdogo, atapiga maji tu.

Mzee_wa_Tangi
Nashukuru sana wote. Nimeanza na wazo la BintiPwani. Nyenje wa friza anawala, tena alimeza wa kwanza kabla sijaondoa mkono. Kwa kamba nimetumia kibano kama alivyoelekeza Jamaa wa Rongai. Anampiga, anamweka mdomoni, anamtema. Anampiga tena, anamtema. Hii ni dalili nzuri au ndiyo kunidhihaki?

Jamaa_wa_Rongai
Nzuri sana hiyo! Kumtema ni kuonja. Wasiwasi ni wa yule asiyepiga kabisa. Kata kamba awe mdogo, upana wa nyenje, na umsokote kwa vidole ashike umbo refu. Kisha sogeza bomba la filta mkondo upite juu ya maji, kipande kikiponyoka kinaendelea kutembea badala ya kuzama.

BintiPwani
Ponda nyenje mmoja, umpake kamba yale majimaji. Harufu ya zamani, nyama mpya. Ukiona anameza, punguza majimaji siku hadi siku. Njia nyingine ni kumtoa kamba kabla hajayeyuka kabisa, barafu kidogo inamfanya aelee.

Mganga_wa_Samaki
Kipande chembamba sawa, kinayeyuka kabla hajameza. Donge la barafu asimeze. Na akishakubali kamba, msirudi haraka kwenye hai kwa kumhurumia. Mpeni aina mbili tatu za friza kwanza zikae, baada ya hapo nyenje hai mara moja moja si tatizo.

Jambo la mwisho kwako Mzee wa Tangi: mfuniko. Unamfundisha kupiga juu ya maji mkono wako ulipo, na siku moja atapiga kabla hujafika. Weka uzito pembe zote nne, na ufungue upande wa kibano tu.

Kijana_wa_Feri
Mzee, njoo kabla ya saa mbili asubuhi. Wale wadogo huwa wanachukuliwa wote na mama ntilie.