RFID kwa punda wa Lamu: tuchague aina gani?

Mfugaji, Lamu: Assalaamu alaikum. Tunataka punda wetu wawekewe vitambulisho vya RFID, yaani vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Je, vinavyosomeka kutoka mbali ndivyo bora?

Fundi, Malindi: Waalaikumu salaam. Hapana, ndugu yangu. Chagueni vya mawimbi ya redio ya masafa ya chini, kilohezi 134.2, kiwango cha kimataifa cha wanyama: chembe ndogo ya kielektroniki huingizwa ndani ya shingo, haina betri kwa kuwa hupata nguvu kutoka kwa kisomaji, na maji ya mwilini hayaizuii sana, ingawa kisomaji lazima kisogezwe karibu mno.

Mtunza ghala, Malindi: Naafiki. Vya megahezi 860 hadi 960 husomeka mita kadhaa, lakini maji na chuma huvidhoofisha. Mimi navitumia kwa maboksi.

Mfugaji: Na vyenye betri?

Fundi: Hufika mbali zaidi, ila ni vikubwa, ni ghali, na betri huisha.